Uvuvio wa Maandiko na Mamlaka ya Tafsiri: Mfano wa Ukambani

1. Utangulizi

Mkristo wa Kitui au Makueni aliyezoea kulinganisha aya kwa aya hukumbana na jambo ambalo mahubiri hayaligusi mara nyingi. Katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 10, aya ya 5, Zaburi ya 40 inanukuliwa ili kuonyesha kwamba Mungu, badala ya dhabihu, alimtayarishia Masihi mwili. Lakini msomaji huyo akiifungua Zaburi yenyewe katika Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka 1952, hauoni mwili. Anayoyaona ni masikio yaliyozibuliwa. Masikio si mwili, na hoja ya Waraka inausimamia mwili.

Hapo maswali matatu humjia. Je, ni kosa la wapiga chapa? Je, ni kosa la wafasiri? Au je, mwandishi wa Waraka aliyakosea Maandiko aliyoyanukuu? Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kila neno la Biblia limevuviwa na Mungu haoni maswali haya kuwa madogo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba hakuna kosa katika hayo mawili ya kwanza, na kwamba la tatu linahitaji kuulizwa kwa namna nyingine. Mwandishi wa Waraka alinukuu tafsiri. Waandishi wa Agano Jipya walio wengi walifanya hivyo hivyo, na jambo hilo lina maana kubwa kwa kila kabila lisomalo Maandiko kwa lugha yake, Wakamba wakiwamo.

2. Neno "uvuvio"

Neno uvuvio limetokana na kitenzi vuvia, yaani kupuliza, kama mhunzi avuviavyo moto kwa mifuo yake. Wakristo walilichukua neno hili ili kufasiri wazo lililomo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa 3, aya ya 16, ambapo Maandiko yanaitwa kwa Kiyunani theopneustos. Neno hilo ni ambatani: theos ni Mungu, na sehemu ya pili inatokana na kitenzi cha kupumua au kuvuma. Wafasiri wa Union Version waliihifadhi picha hiyo kwa kusema habari ya pumzi ya Mungu. Picha ni ya kale: kwa Kiebrania neno ruah ni upepo, ni pumzi, tena ni roho, na roho ya Kiswahili, iliyoingia kwa njia ya Kiarabu, ni ndugu wa ruah kwa shina. Wakamba nao husema Veva Mũtheu kwa maana ya Roho Mtakatifu.

Jambo ambalo halina budi kuangaliwa ni hili: ni maandiko gani yanayosemwa katika aya hiyo? Aya iliyotangulia yasema kwamba Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto. Agano Jipya lilikuwa halijakusanywa, basi yanayosemwa ni yale yanayoitwa leo Agano la Kale. Na Timotheo alikuwa nani? Kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, mlango wa 16, mama yake alikuwa Myahudi na baba yake Myunani, na habari zake zaanzia upande wa Listra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Wayahudi wa miji ya namna hiyo waliyasoma Maandiko kwa Kiyunani. Yamkini sana, basi, kijana huyo aliyajua Maandiko kwa tafsiri. Aya ile ile itumiwayo kila mara kuthibitisha uvuvio ilimwendea mtu ambaye Maandiko yake hayakuwa katika lugha yake ya asili.

3. Tafsiri ya Sabini

Tafsiri hiyo ya Kiyunani huitwa Septuaginta, maana yake Sabini. Chanzo cha jina ni masimulizi yaliyomo katika kitabu kiitwacho Barua ya Aristeas: kwamba mfalme Ptolemaio wa Pili, aliyetawala Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliwaita wazee 72 kutoka Yerusalemu waje Iskanderia kufasiri Torati. Wataalamu hawayapokei masimulizi hayo yote kuwa historia, lakini wanakubaliana juu ya kiini chake: Torati ilifasiriwa Misri, katika karne hiyo ya 3, kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wamekwisha kuisahau lugha ya babu zao. Vitabu vingine vilifuata baadaye, kimoja kimoja, kwa mikono tofauti.

Kwa hiyo tafsiri ya kwanza kubwa ya Maandiko ilifanyika katika ardhi ya Afrika. Kutoka kwake zilitoka tafsiri nyingine za Afrika: ile ya Wakopti wa Misri, na Agano la Kale la Kigeez la Uhabeshi. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Wayunani yanaisoma Septuaginta mpaka leo kuwa ndiyo Agano lao la Kale.

Tofauti kati yake na Kiebrania zina sababu nyingi. Mojawapo ni maandishi yenyewe. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, bila alama za irabu ila mahali pachache. Achukue msomaji mfano wa Kiswahili: konsonanti m na t zikiandikwa peke yake, huweza kusomwa mtu, mti, mto au moto. Muktadha humwongoza msomaji mara nyingi, lakini si kila mara. Msomaji wa Kikamba analijua tatizo la jamii hiyo, kwa kuwa lugha yake ina irabu saba, na kitabu kichapwapo bila alama za ĩ na ũ humlazimu kukisia neno kutokana na sentensi.

Sababu ya pili ni kwamba Kiebrania chenyewe hakikuwa na nakala ya namna moja. Hati zilizoanza kugunduliwa mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zimeonyesha kwamba pengine Septuaginta ilifuata nakala ya Kiebrania iliyokuwa tofauti na hii iliyohifadhiwa. Mfano ni idadi ya jamaa ya Yakobo walioshuka Misri. Kiebrania cha kawaida kinasema 70. Septuaginta inasema 75, na Stefano katika Matendo 7:14 anasema vivyo hivyo 75. Zamani ilidhaniwa kwamba mfasiri au Stefano alikosea hesabu. Lakini hati moja ya Kutoka iliyopatikana Qumran, ya Kiebrania, ina 75.

4. Namna nukuu zilivyotumika

Mifano mitatu yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili.

Wa kwanza ni wa kitanda na fimbo. Mwanzo 47:31, kwa Kiebrania, yasimulia kwamba Yakobo mzee aliinama penye kichwa cha kitanda. Waebrania 11:21 yasema aliabudu akiegemea fimbo yake. Kitanda ni mittah na fimbo ni matteh. Konsonanti zake ni zile zile. Wafasiri wa Kiyunani walisoma fimbo. Waliotia alama za irabu karne nyingi baadaye walisoma kitanda. Hapa hakuna fundisho linaloanguka, lakini njia ambayo tofauti hupita inaonekana waziwazi.

Wa pili ni wa bikira. Katika Isaya 7:14 Kiebrania kina neno almah, yaani msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Wafasiri wa Kiyunani waliandika parthenos, neno ambalo kwa kawaida ni bikira, na Mathayo 1:23 ikalinukuu hilo. Kiswahili kina neno mwali, ambalo lingekuwa karibu sana na almah. Kikamba kina mwĩĩtu, msichana. Hata hivyo Union Version imeweka bikira katika Isaya na katika Mathayo pia. Yaani hapa wafasiri waliipatanisha aya ya kale na nukuu yake, ilhali katika Zaburi ya 40 waliiacha tofauti ionekane. Msomaji hawezi kujua kanuni iliyofuatwa, kwa sababu haikuelezwa.

Wa tatu ndio ulio mzito kuliko yote. Matendo 15 yasimulia baraza la Yerusalemu, lililokutana kuamua kama watu wa mataifa walazimishwe kutahiriwa na kushika Torati ya Musa ndipo wapokewe. Yakobo alikata shauri kwa kunukuu Amosi 9:11–12. Kwa Kiebrania, nabii asema kwamba nyumba ya Daudi itayamiliki mabaki ya Edomu. Kwa Kiyunani, asema kwamba mabaki ya wanadamu watamtafuta Bwana. Edomu na adamu, yaani mwanadamu, zinatofautiana kwa irabu na kwa herufi moja tu iliyotumika kuonyesha irabu. Vitenzi vya kumiliki na kutafuta navyo vinakaribiana. Hoja ya Yakobo inakaa juu ya maneno ya Kiyunani. Mlango ambao mataifa waliingilia bila kwanza kugeuka Wayahudi ulifunguliwa, katika masimulizi hayo, kwa aya iliyonukuliwa jinsi isomwavyo katika tafsiri. Wakamba ni miongoni mwa mataifa hayo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba waandishi wa Agano Jipya waliishika Septuaginta kwa upofu. Mathayo 2:15, ikinukuu Hosea 11:1, inafuata Kiebrania kisemacho "mwanangu", si Kiyunani kisemacho "watoto wake". Yohana 19:37 nayo, katika kumnukuu Zekaria, inakiacha Kiyunani cha Septuaginta na kukaa karibu na Kiebrania. Waliitumia tafsiri kama Maandiko, na walipoona haja waliivuka.

5. Ugomvi wa kale wa Afrika ya Kaskazini

Kanisa la kale lililijua tatizo hili na kugombana kwa ajili yake. Mwishoni mwa karne ya 4 Yeronimo, aliyekaa Bethlehemu, alianza kufasiri Agano la Kale kwa Kilatini kutoka Kiebrania, akisema kwamba ukweli uko katika asili. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishtuka. Yeye alishika kwamba Roho aliyekuwa katika manabii walipotamka alikuwa pia katika wale Sabini walipofasiri. Basi zipatikanapo tofauti, Roho huyo mmoja aliweza kusema neno moja kwa nabii na jingine kwa mfasiri.

Mwaka 403 Augustino alimwandikia Yeronimo habari ya askofu mmoja wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli, Libya. Askofu huyo aliruhusu tafsiri mpya ya kitabu cha Yona isomwe kanisani. Ilipofikiwa habari ya mmea uliomtilia nabii kivuli, watu walisikia jina jingine badala ya lile walilolizoea. Ghasia zikazuka, wenye kusema Kiyunani wakiwa mbele, hata askofu akalazimika kurekebisha asije akabaki bila waumini. Neno la Kiebrania ni qiqayon. Septuaginta iliufanya mmea huo kuwa wa jamii ya maboga. Yeronimo akaufanya mtambaazi mwingine. Union Version inao mtango. Na wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba ulikuwa mbarika.

Kisa hiki chafundisha kwamba waumini hawashikamani na maana peke yake. Hushikamana na sauti ya maneno waliyofundishwa nayo kusali. Anayegusa tafsiri iliyozoeleka, hata kama ana haki kwa upande wa elimu, anagusa ibada ya watu.

6. Maandiko katika Kikamba

Kikamba kiliingia mapema katika historia hii. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akakaa Rabai. Mwaka 1849 alisafiri hadi Kitui, akakaribishwa na Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Na tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya kutoka huko. Mwaka 1850 Injili ya Marko aliyoifasiri kwa Kikamba ilichapwa Tübingen, Ujerumani.

Uteuzi wa Marko una maana kwa mada hii. Injili hiyo, mara baada ya kichwa chake, inaanza na nukuu, na sehemu yake kubwa ni Isaya 40:3 kwa namna ya Septuaginta. Kwa Kiebrania, nyika ni mahali ambapo njia itatengenezwa. Kwa Kiyunani, nyika ni mahali aliapo mwenye sauti. Marko anahitaji maana hii ya pili, kwa kuwa Yohana Mbatizaji alihubiri nyikani. Basi maneno ya kwanza ya nabii kufika katika Kikamba cha kuchapwa yalikuwa yamekwisha kupita katika Kiyunani. Agano la Kale lilianza kuingia Ukambani likiwa limo ndani ya Jipya, nalo limo kwa sura ya tafsiri.

Baada ya Krapf walikuja Walutheri wa misheni ya Leipzig, waliofungua vituo Ikutha na Mulango katika Kitui. Upande wa Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui mwishoni mwa mwaka 1895. Scott mwenyewe alifariki mwaka uliofuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipokatiza kazi ya Wajerumani, vituo vyao viliingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Agano Jipya zima la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Kati ya miaka hiyo miwili imo miaka 36. Katika muda huo Mkamba asiyejua lugha nyingine alikuwa na Agano Jipya zima bila Agano la Kale zima la kulilinganisha nalo. Isaya na Amosi aliwajua hasa kwa vinywa vya Mathayo, Paulo na Yakobo. Biblia nzima ilipotoka, kwa mara ya kwanza aliweza kuweka kidole kimoja juu ya nukuu na kingine juu ya asili. Swali lililofunguliwa na makala haya ni tunda la ukamilifu huo. Pasipo vitabu viwili hapana kulinganisha.

7. Kazi ya John Mbiti

Aliyelichunguza jambo hili kwa ndani kuliko wengi ni mwana wa Mulango mwenyewe, John Samuel Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya fundisho la mambo ya mwisho katika Agano Jipya na mazingira ya Kiafrika. Humo alichunguza namna mafundisho ya Africa Inland Mission yalivyosikika kwa Wakamba, akaonyesha jinsi mifano ya Biblia, kama moto, mji, machozi na mbingu, ilivyopokewa kuwa vitu vya kushikika ilipovikwa maneno ya Kikamba bila maelezo. Kwa maneno mengine, neno laweza kufasiriwa sawasawa na maana ikapotea.

Baada ya maisha marefu ya ualimu na uchungaji, hasa nchini Uswisi, Mbiti alilifasiri Agano Jipya lote kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kiyunani. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Tendo hilo lina pande mbili. Kwa kurudi kwenye Kiyunani, alikiri kama Yeronimo kwamba tafsiri iliyopo si ya mwisho na kwamba asili ndiyo mizani. Kwa kutumia nguvu zake za uzeeni katika Kikamba, alikiri kama Augustino kwamba Maandiko katika lugha ya watu ni Maandiko kweli.

8. Wajibu wa mfasiri

Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba dini nyingine imelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Katika Uislamu, Kurani ni Kurani kwa Kiarabu. Tafsiri ni maelezo ya maana yake. Ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy ya mwaka 1969 iliweka Kiarabu pamoja na Kiswahili. Ukristo haukuweza kuchukua njia hiyo bila kuyakana Maandiko yake wenyewe, kwa kuwa Agano Jipya linanukuu tafsiri na kuiita neno la Mungu. Tena maneno mengi ya Yesu, aliyesema Kiaramu, yamehifadhiwa kwa Kiyunani tu.

Lakini kusema kwamba tafsiri ni neno la Mungu si kusema kwamba kila neno la mfasiri halina kosa. Mfano wa mjumbe wafaa hapa. Mjumbe hubeba mamlaka ya aliyemtuma. Amdharauye mjumbe amemdharau bwana wake. Hata hivyo mamlaka hayo si yake. Akiupotosha ujumbe, anaweza kusahihishwa kwa kurejea kwa aliyemtuma, na kusahihishwa huko hakumvunjii bwana heshima.

Kutokana na hayo, mfasiri wa Kikamba au wa lugha nyingine yoyote ana wajibu wa namna tatu. Kwanza, asiilainishe tofauti kwa kuifanya Zaburi iseme mwili kwa kuwa Waebrania wanasema mwili. Kufanya hivyo ni kumficha msomaji historia ya kitabu chake. Pili, aweke maelezo mafupi chini ya ukurasa, yakisema kwamba nukuu imefuata tafsiri ya kale ya Kiyunani. Mstari mmoja wa namna hiyo ungemwondolea msomaji mashaka ambayo mahubiri kumi hayawezi kuyaondoa. Tatu, abadilipo neno lililozoeleka, awaeleze wasikilizaji mapema, akikumbuka yaliyompata askofu wa Oea.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba tofauti kati ya nukuu za Agano Jipya na Agano la Kale aghalabu si makosa ya wapiga chapa wala ya wafasiri wa siku hizi, bali ni alama za tafsiri iliyofanywa Misri zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Anayedai kwamba uvuvio umefungwa katika sauti za Kiebrania na Kiyunani peke yake hana budi kueleza kwa nini mitume wenyewe hawakuufunga hivyo. Naye adaiye kwamba Biblia ya mwaka 1956 isiguswe kwa kuwa imevuviwa hana budi kueleza kwa nini Mathayo aliiacha Septuaginta alipoona Kiebrania kinafaa zaidi.

Kwa mzee wa Mbooni au mwanafunzi wa Mulango ajiulizaye kama Kikamba chake ni lugha ya kutosha kubeba neno la Mungu, au kama ni kivuli cha Kiingereza na Kiebrania, jibu limo katika Matendo 15. Siku ile mataifa walipofunguliwa mlango, aya iliyowafungulia ilinukuliwa kwa namna isomwavyo katika tafsiri.